Baridi ya Wazee

Alasiri ya michezo hatukimbii peke yetu. Mbwa wa seminari hutufuata kuzunguka uwanja, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyetangulia. Mwaka huu, baada ya mzunguko wa pili, alianguka chini ya mwembe, ulimi nje, akihema mno. Tulimmwagia maji, tukampepea, akapata nafuu.

Frateri mwenzetu aliyesomea mifugo kabla ya kuitikia wito alitueleza. Msuli unapofanya kazi, sehemu ndogo tu ya nguvu huwa mwendo. Sehemu kubwa huwa joto. Binadamu na farasi hulitoa kwa jasho, mbwa hutegemea zaidi kuhema. Mwili uliozoea mazoezi hulitoa mapema, uliozeeka huchelewa. Wakati wa baridi mambo hugeuka: mzee amepungukiwa misuli ya kumtetemesha, na mishipa ya ngozi yake haijibani upesi kuzuia joto lisitoke.

Tulicheka, tukimkumbuka padri mzee tunayeishi naye, anayevaa sweta hata Januari.

Wiki chache baadaye hatukucheka. Padri aliacha kula, akaanza kutuita kwa majina ya wanafunzi wake wa zamani. Tulimpima: nyuzi 37.4. Tukasema hana homa, ni uchovu tu. Tulimwacha hivyo siku mbili. Muuguzi alipofika aliuliza jambo ambalo hatukulifikiria: “Akiwa mzima hupima ngapi?” Daftari lake la kliniki lilionyesha 36.2.

“Basi hii ni homa,” alisema. “Mwili wa mzee hauwaki kama wenu.”

Ilikuwa nimonia. Alilazwa siku tisa, na kila usiku kanisani tulimwomba Mungu asitudai zile siku mbili.

Kitabu cha Kwanza cha Wafalme huanza na Daudi mzee, anayefunikwa nguo lakini hapati joto. Tulikuwa tukiipita habari hiyo haraka. Sasa tunasimama hapo.

Padri alirudi, Mungu ashukuriwe. Tunampima kila asubuhi na kuandika. Jioni tunamshika mkono, tunatembea naye polepole hadi kwenye groto ya Bikira Maria, na mbwa yule anatufuata nyuma, naye polepole. Sweta hatulitanii tena. Amri ya nne tuliijua kwa moyo tangu katekisimu. Kumheshimu mzee kumetudai pia tujue joto lake.