Lebo: wijeti ndogo yenye maneno mazito

Ukifungua kitabu chochote kinachofundisha kuunda programu za madirisha, utaikuta lebo katika kurasa za mwanzo kabisa. Mwandishi anakuonyesha jinsi ya kuandika salamu ndani ya dirisha, halafu anakimbilia vitufe, menyu na majedwali. Lebo haitajwi tena. Leo nataka tukae nayo kidogo, kwa sababu nimeona inavyoweza kumpotosha mtu hata pale ambapo hesabu zote za programu ziko sawa.

Kwa wageni katika mambo haya: lebo ni maandishi kwenye dirisha ambayo mtumiaji anayasoma lakini hawezi kuandika ndani yake. Ukiona neno "Jina:" kando ya kisanduku, hiyo ndiyo lebo. Kila maktaba ya kuunda madirisha inayo. Katika Qt inaitwa QLabel, katika Swing ya Java ni JLabel, katika GTK ni GtkLabel, na katika Visual Basic 6, iliyotoka mwaka 1998, iliitwa Label basi.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kukarabati programu ya sacco moja ya wakulima. Ilikuwa imeandikwa na mtu mwingine kwa hiyo Visual Basic 6. Kwenye dirisha la mwanachama kulikuwa na lebo mbili, moja juu na moja chini, na zote zilisema "Balance". Ya juu ilikuwa ya mkopo, ya chini ilikuwa ya akiba. Makarani wa zamani walijua tofauti kwa mazoea. Karani mgeni hakujua.

Basi siku moja mama mmoja akaja kuuliza akiba yake shule zikikaribia kufunguliwa. Karani akatazama skrini akamwambia, "Mama, uko na 38,500." Mama akashukuru, akaenda zake. Alipokuja wiki iliyofuata kutoa pesa, akaambiwa akiba yake ni shilingi 6,200, na zile 38,500 ni deni ambalo hajamaliza kulipa. Hakuna hata senti iliyopotea. Lakini tayari alikuwa ameahidi karo, na aliondoka akiamini kwamba sacco imekula pesa zake. Nenda ukamweleze kwamba hifadhidata ilikuwa sahihi!

Nilipoombwa kuziweka lebo kwa Kiswahili, njia ya mkato ilikuwa kuandika "Salio" mahali pote palipokuwa na "Balance". Ugonjwa ungebaki uleule, umebadilisha nguo tu. Kwa hiyo niliketi na makarani nikawauliza: mwanachama akiwa hapa dirishani, mnamwambiaje? Wakajibu bila kufikiri: "Akiba yako ni kadhaa" na "Deni la mkopo lililobaki ni kadhaa." Hayo ndiyo maneno yaliyoingia kwenye lebo.

Hapo likazuka jambo la pili, la kiufundi. Katika Visual Basic 6 lebo ilipewa upana na urefu maalumu kwa kipimo kiitwacho twip, ambapo inchi moja ni twip 1,440. Sanduku lililokatwa kwa kipimo cha "Balance" halikutosha maneno manne. Kama AutoSize imezimwa, na ndivyo inavyokuja, maneno yaliyozidi hushuka mstari wa pili, na kama mstari huo hauna nafasi hayaonekani. Kwenye skrini ilibaki "Deni la mkopo". Neno "lililobaki" likamezwa. Sasa tazama maana ilivyogeuka: mtu angedhani hicho ndicho kiasi alichokopa tangu mwanzo.

Baadaye programu hiyo iliandikwa upya kwa Python na Qt. Huko hupangi vipimo kwa mkono. Unatumia mpangilio kama QFormLayout, nao unaipa lebo nafasi kulingana na urefu wa maneno yake. Maneno yakiwa mengi sana, setWordWrap inayashusha mstari wa pili na dirisha linampa nafasi. Kiswahili kinapenda nafasi, kwa hiyo kipe.

Jambo la tatu ni kuiunganisha lebo na kisanduku chake. Kwa macho yetu vinaonekana vimeungana kwa kuwa vimekaa pamoja, lakini kompyuta haijui hivyo mpaka uiambie:

kiasi = QLineEdit()
lebo = QLabel("&Kiasi kinacholipwa:")
lebo.setBuddy(kiasi)

Ile alama ya & inapigia mstari herufi K, na karani akibonyeza Alt na K anaingia kisandukuni bila kugusa kipanya. Faida kubwa zaidi ni kwa asiyeona. Programu za kusoma skrini kama NVDA, ambayo ni ya bure, huweza kumtajia jina la kisanduku alichofikia kwa sababu ya muungano huo. Bila jina, anaambiwa tu kwamba yuko kwenye kisanduku cha kuandikia. Cha nini? Abahatishe.

La mwisho ni ngeli. Waandishi wengi wa programu huunganisha vipande: jina la kitu, idadi, kisha kitenzi kilekile. Kwa Kiswahili haiendi. Tunasema wanachama 5 wamesajiliwa, mikopo 5 imesajiliwa, risiti 5 zimesajiliwa. Kwa hiyo andika sentensi nzima kwa kila aina ya kitu, pamoja na umoja wake na wingi wake. Utachapa zaidi, lakini programu haitaongea kama mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana.

Na asiseme mtu kwamba Kiswahili hakiwezi kazi hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya kazi za ofisi ikiwa na menyu na lebo za Kiswahili.

Siku hizi kabla ya kukabidhi programu ninafanya jaribio moja. Ninaondoa tarakimu zote kwenye dirisha, zinabaki lebo peke yake, kisha ninamwita karani ambaye hajawahi kuliona. Ninamuuliza: hapa patakaa nini? Na hapa? Akisita, lebo hiyo inabadilishwa siku hiyohiyo. Jaribuni kwenye programu zenu mniambie mmekuta nini. Kwaherini kwa leo.