Hakuna Mtoto Kutoka

Umatroni niliuingia kwa kuichoka wodi. Nilikuwa muuguzi Dar es Salaam miaka mingi, ukiwemo 1997, mwaka ambao kipindupindu kiliua zaidi ya watu 2,000 nchini. Nilipopata kazi katika shule binafsi ya bweni ya wasichana mkoani Morogoro, nilijua sasa kazi ni malaria, mafua na watoto wanaougua ghafla siku ya mtihani wa hesabu. Kwa muda mrefu ndivyo ilivyokuwa.

Agosti 2015 kipindupindu kilizuka tena Dar, na hakikukawia kufika Morogoro. Sisi shuleni tulikuwa na shida yetu: pampu ya kisima ilikufa tangu Juni. Maji yaliletwa na boza, na boza lisipokuja, mikokoteni ilichota mtoni. Jikoni yalichemshwa kwa uji na chai. Yale ya mapipa ya mabwenini hakuyachemsha mtu, na watoto waliyanywa wakitoka netiboli.

Wa kwanza aliletwa usiku, wa kidato cha pili, wenzake wamembeba kwa shuka. Sikungoja maabara. Yale maji meupe kama ya kuoshea mchele, macho yaliyotumbukia, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama, ukishayaona mara moja huyasahau. Kabla ya kengele ya asubuhi wengine walishalala pembeni yake.

"Matroni, andika kuhara tu," Mkuu wa Shule aliniambia. "Ukiliandika hilo neno, shule imekufa." Alishaanza kutafuta mabasi: watoto warudi kwao kimya kimya, wakae wiki mbili, mambo yakipoa waitwe. Nilimwelewa. Shule binafsi inaishi kwa ada, na kidato cha nne walikuwa na mtihani wa taifa Novemba. Lakini nilimwambia, "Mkuu, hawa waliolala nawaweza. Ninaowaogopa ni wale wanaocheka bwaloni."

Wengi wanaoambukizwa kipindupindu hawaugui kabisa, ila choo chao hubeba vimelea kwa siku kadhaa, pengine hadi kumi. Na atakayeugua, huweza kukaa hadi siku tano ndipo kimwangushe. Mtoto angepanda basi mzima, anaimba, akashuke Ifakara au Kilosa, aingie choo cha bibi yake kilicho juu ya kijito ambacho kijiji kizima kinachota. Basi moja, vijiji ishirini. Nikampigia Mganga Mkuu wa Wilaya mwenyewe, bila kuaga. Adhuhuri lango lilikuwa limefungwa, na mlinzi ameambiwa hakuna mtoto kutoka.

Watu hudhani ugonjwa huu hutibiwa kwa dawa. Hutibiwa kwa maji, na kwa mtu anayekaa karibu na kitanda akipima yanayotoka ili ajue ya kurudisha. Waliozidiwa wauguzi wa wilaya waliwatundikia dripu. Wengine walihitaji kunywa tu, tena kunywa bila kuchoka, wakitapika wapumzike kidogo, waanze upya. Maabara ya baiolojia ikawa wodi. Seremala alitoboa vitanda katikati, tukaweka ndoo chini. Niliwachagua wasichana wa kidato cha nne, Dada Mkuu akiwaongoza, wawakorogee wenzao chumvichumvi: pakiti moja kwa lita moja, si kwa kukadiria na jagi. Wizara inaweza kuandika miongozo, lakini msichana wa miaka kumi na saba aliyepewa daftari na saa ya ukutani hakosei hata kikombe. Klorini tuliichanganya mbili, kali ya ndoo na sakafu, nyepesi ya mikono. Sketi za bluu zikatoka madoa meupe, wakayavaa kwa majivuno.

Langoni ndiko kulikuwa kugumu. Wanafunzi hawaruhusiwi simu, kwa hiyo wazazi wa shule nzima walinipigia mimi. Baba mmoja alikuja na gari, akamwona bintiye ng'ambo ya uzio. "Mama, mwanangu mzima, si huyo pale!"

"Ndiyo maana hatoki, baba yangu."

Alinitukana vizuri sana. Akalala ndani ya gari, na asubuhi akaenda mjini, akarudi na katoni za sabuni.

Hatukuzika mtoto. Mgonjwa wa mwisho alipotoka wodini, tukangoja siku ambazo wilaya ilituelekeza, kisha mabweni yakapuliziwa dawa na lango likafunguliwa.

Bodi ilipokutana, ajenda ya kwanza ilikuwa kwa nini matroni alitoa taarifa nje ya shule bila idhini. Nilipewa barua ya onyo. Niliijibu kwa mstari mmoja, nikiitaja Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, inayotaka magonjwa ya aina hii yatolewe taarifa. Sikujibiwa. Ajenda ya pili ilikuwa pampu. Hiyo haikujadiliwa sana. Ilitengenezwa wiki ileile, kwa fedha ambazo tangu Juni tulikuwa tukiambiwa hazipo.