Mafuta ya Cherehani

Babu huniita Injinia. Si utani. Siku nilipopata barua ya kwenda chuo kusomea uhandisi wa mitambo, aliuza ng'ombe mmoja akatuma pesa, na tangu hapo jina langu la kuzaliwa likapotea. Nikipiga simu Voi namsikia akimwambia jirani, "Ngoja kwanza, naongea na Injinia."

Kitu Babu hakujua ni kwamba Injinia aliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikuwa imerundikana, masomo mawili yalikuwa yamenishinda, na asubuhi moja nilikaa tu kitandani nikaona siendi. Mama anajua. Alisema, "Babu yako usimwambie kwa simu." Basi sikumwambia kwa simu, na uso kwa uso pia sikumwambia. Siku hizi naandika makala za watu wengine, maelezo ya bidhaa, chochote kile kinacholipa kodi ya nyumba.

Pasaka iliyopita nilienda Voi. Tulipomaliza kula, Babu akapapasa ukuta hadi chumbani, akarudi na kitu kimefungwa kwa kipande cha leso. Kamera.

"Imekataa," akasema. "Wewe si ndiye wa mitambo? Itazame."

Ni Kodak ya kukunja, No. 2 Folding Autographic Brownie, aina iliyoanza kutengenezwa 1915. Ikifungwa inafanana na kitabu chembamba cheusi. Ukifungua kifuniko na kuvuta uso wake kwenye reli, mvukuto wa ngozi unanyooka kama kodiani. Inatumia filamu ya 120, ambayo imekuwepo tangu 1901 na hadi leo inatengenezwa. Filamu moja, picha nane, kila moja sentimita 6 kwa 9. Nyuma kuna kamlango kadogo na kijiti cha chuma. Enzi zake ulikuwa ukipiga picha unafungua kamlango, unaandika tarehe au jina, na maandishi yanatokea kwenye negativu. Filamu ya namna hiyo iliacha kutengenezwa miaka ya 1930, Babu hajazaliwa. Yeye aliipata kamera ikiwa mtumba, Mombasa, kwa mwenye studio aliyekuwa akimfagilia. Picha ya Nyanya iliyo sebuleni, ile ameshika mkasi wa kushonea, ilipigwa nayo.

"Kwani utapiga picha, Babu?" Presha ya macho ilishamwachia mwanga kidogo tu.

"Nipige nini? Nataka nisikie inavyolia. Ikiwa nzima inasema tk. Sasa inasema aaah, kama mtu anaamshwa."

Alichokuwa akisema ni shata. Shata ni mlango wa nuru: vipande vyembamba vya chuma vilivyolaliana, vinaachana kwa muda mfupi, filamu inaona, vinafunga. Hii ya Babu ni rahisi sana. Mbele kuna mshale na alama nne tu. T: bonyeza mara moja inafunguka, bonyeza tena inafunga. B: inabaki wazi muda wote umeshikilia. Halafu 25 na 50, yaani sehemu moja ya 25 au ya 50 ya sekunde. Hakuna betri wala meno ya saa ndani yake. Unasukuma kijiti kimoja, springi inajikaza, inajiachia, basi.

Nikachukua kikopo cha mafuta ya cherehani ya Nyanya, nikadondosha tone moja katikati ya vile vipande. Lenzi ya kamera hii iko nyuma ya shata, kwa hivyo ni rahisi kufika. Tk. Tk. Babu akacheka. "Hata mimi huipaka kila mwaka. Injinia ni Injinia."

Akanipa nirudi nayo Nairobi niimalizie. Kufika, shata ilikuwa imeganda kabisa.

Nikaipeleka Luthuli Avenue kwa fundi wa simu ninayemjua. Akaimulika na taa yake, akaniangalia kama mtu amemwagia simu chai.

"Nani ameweka mafuta?"

"Mimi. Na Babu. Kwa miaka mingi."

"Sasa ndio mmeiua pole pole. Hivi vyuma ni vyembamba kama karatasi. Mafuta yakiingia katikati vinashikana, si unajua vile vioo viwili vyenye maji vinakataa kuachana? Halafu mafuta yanakula vumbi, yanakuwa gundi. Hapa panataka pakavu. Pakavu kabisa."

Akaniuzia chupa ndogo ya ile spiriti wanayosafishia bodi za simu na seti ya bisibisi ndogo. Nyumbani nikafungua dirisha, nikazima jiko, nikatandika shuka jeupe mezani ili kitu kikiruka nikione. Kila skrubu niliyotoa niliipiga picha kwanza kisha nikaibandika kwenye karatasi kwa selotepu, kwa mpangilio. Uso ulipotoka niliona springi, vijiti viwili vitatu, na uchafu wa rangi ya asali. Hakuna kilichovunjika. Nilikaa nikitazama hilo kwa muda.

Nikachovya pamba za masikio kwenye spiriti, nikafuta, nikasukuma kijiti, nikafuta tena. Springi sikuzigusa. Baada ya dakika kumi shata ikaamka. Tk! Manze, nilishangilia peke yangu.

Rafiki yangu ana simu inayorekodi fremu 240 kwa sekunde. Tukaelekeza kamera kwenye balbu, mgongo wazi, tukarekodi, tukahesabu fremu zenye mwanga. Shata ikiwa sawa, kwenye 25 unafaa kupata karibu fremu kumi. Tulipata 11. Nusu saa baadaye tukarudia tukapata 60, robo sekunde nzima. Spiriti ilikuwa imekauka, mafuta yamerudi. Hayakuwa yameondoka, yalikuwa yamehama tu kutoka pembeni kwenda katikati.

Kwa hivyo nikaanza upya. Ni kazi ya kusubiri: unafuta, unaacha ikauke yenyewe, unajaribu, unafuta tena. Na mtu akisubiri anawaza. Niliwaza simu zangu za Jumapili. "Masomo vipi?" Poa, Babu. Tone moja. "Unamaliza lini?" Kulikuwa na mgomo kidogo, Babu. Tone lingine. Kila mara mambo yalisonga vizuri hadi Jumapili iliyofuata.

Safari ya tatu, pamba ilitoka nyeupe. Nikalala. Asubuhi kwenye 25 tulipata 11, jioni 11 tena. Kwenye 50, ambapo ungetaka fremu tano, ilitoa saba, na hapo ikakataa kupungua. Springi ya miaka mia nani ataidai zaidi?

Agosti nikarudi Voi. Shikamoo, marahaba, chai. Babu akaiweka kamera sikioni kama simu. Akabonyeza kwenye 25. Tk. Akatabasamu. Akaniomba nigeuze mshale. Akabonyeza, akabonyeza tena, akakunja uso.

"Hii ya hamsini imechoka kidogo."

Fremu mbili. Mzee alisikia fremu mbili ambazo mimi nilihitaji simu ya mtu kuziona.

"Lakini ni nzima," akasema. "Chuo kimekufunza."

Kikopo cha mafuta kilikuwa pale pale dirishani.

"Babu, chuo niliacha. Mwaka wa pili. Hii nimeonyeshwa na fundi wa simu, na kwanza niliiharibu."

Hakusema kitu. Alibonyeza kamera mara moja, kisha akaikunja polepole, mvukuto ukalala mahali pake.

"Yule ng'ombe," akasema hatimaye, "alikuwa na maziwa sana."

Sikupata usingizi usiku huo, na nilipoondoka asubuhi aliniaga kwa kichwa tu. Jumapili mbili hakushika simu yangu. Ya tatu akapiga mwenyewe. Jirani alikuwepo, nilimsikia, lakini safari hii Babu hakumwambia anaongea na nani. Aliniuliza kama filamu za 120 bado zinapatikana Nairobi. Nikamwambia zinapatikana, nikamtajia bei.

"Ghali," akasema. Kimya kirefu. "Lete moja. Utapiga wewe, mimi nitasikiliza."