Mazoezi ya Masizi

Jumanne, Aprili 2, 2024

Masizi hajafa. Bodaboda ilimgonga jana jioni hapa Amalemba, akajikokota kwa miguu ya mbele hadi chini ya tangi la maji. Daktari wa mifugo amefika asubuhi akitoka kumtibu ng'ombe Lurambi. Akavibinya vidole vya nyuma kwa koleo. Masizi akageuka na kufoka. "Hiyo ndiyo habari njema," akasema. Maumivu yanafika kichwani, basi uti wa mgongo haujakatika. Kilichovunjika ni nyonga, upande mmoja. Wiki sita kizimbani. Mkojo unatoka wenyewe, lakini niuangalie kila siku.

Jirani alikuwa ameniletea nusu ya panadol nimpe. Daktari akaninyang'anya. Ini la paka haliimudu dawa ile. Damu hugeuka rangi ikashindwa kubeba hewa, na kidonge kimoja tu kinaweza kumuua. Mikono ingali inanitetemeka.

Jumatano, Aprili 10

Tumeanza. Kwanza kitambaa cha maji vuguvugu pajani, dakika tano. Kisha naukunja mguu na kuunyoosha polepole, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Mkia ukianza kupigapiga, naacha; paka halazimishwi. Ni yaleyale niliyofundishwa na fizio wa hospitali kwa mkono wa kulia wa mama baada ya kiharusi: usivute, ishia pale kiungo kinapokataa.

Mama alikuwa kitandani akitutazama. Tangu Novemba hajasema zaidi ya "ndiyo", tena kwa shida. Nilipomaliza mkunjo wa tatu nikasikia, "Nne." Nikaendelea. "Tano." Hadi kumi, wazi kabisa! Fizio aliwahi kuniambia kwamba hesabu na nyimbo za kanisani huweza kubaki hata maneno mengine yanapopotea. Nilikaa sakafuni nikalia, Masizi mapajani.

Jumamosi, Aprili 13

Mvua ya mawe. Stima hakuna. Mazoezi mara moja tu.

Ijumaa, Aprili 26

Wayo wa kushoto unajikunja, anakanyagia mgongo wake, ngozi imechubuka. Saruji inateleza mno, nimetandaza zulia kuukuu. Namwinua kwa leso chini ya tumbo, naukunjua wayo, naubonyeza kidogo ili ahisi uzito wake mwenyewe. Neva iliyoumia, ikipona, hukua kama milimita moja kwa siku. Nimepima kwa utepe wa kushonea, kutoka nyonga hadi vidole: sentimita 22. Karibu miezi saba. Nitangoja.

Mama anahesabu kila jioni. Nisipoanza mapema, ananyooshea kizimba kidole.

Jumapili, Mei 12

Mfupa unashika, daktari ameridhika. Nimesoma kwamba kwingine paka hutembezwa ndani ya mashine ya maji vuguvugu, maji yambebe. Mimi nina sahani ya omena. Naiweka mbele kidogo, anaifuata. Leo hatua sita, wayo umejikunja mara mbili tu, na mara ya pili aliukunjua mwenyewe.

Jioni mama alihesabu mikunjo kama kawaida. Saba. Nane. Kisha kimya. Nikainua macho nikidhani amechoka. Alikuwa anautazama mkia wa Masizi, umeanza kupiga zulia, nami sikuwa nimeuona.

"Basi," akasema mama. "Mwachilie."