Jozi za Sentensi Garsen

Basi la Lamu lilitoka Mombasa alfajiri, na tulipoipita Malindi nilikuwa nimeshaandika jozi kumi za sentensi fupi za Kiingereza. Nilikuwa naenda Garsen kwa mara ya kwanza, kwa mazoezi ya kufundisha, na somo langu la kwanza lilikuwa kuunganisha sentensi sahili mbili zizae moja changamano. Jozi niliyoipenda zaidi ilihusu mto, ili wanafunzi waione kuwa ni yao: “It rained heavily. The river flooded.” Jibu nilikuwa nalo mfukoni: “because”.

Baada ya Gongoni vijiji vilipungua, vichaka vikatanda pande zote. Niliteremka Garsen kwenye jua la utosi. Wanawake wa Kiorma walikuwa wakiuza maziwa, wa Kipokomo ndizi na maembe. Kijana wa bodaboda aliyenibeba alinieleza kwamba mto ukifurika, barabara ya Lamu hukatika na watu huvushwa kwa mashua. Nikamwuliza mvua kubwa hapa hunyesha miezi gani. Akacheka.

Kicheko kile nilikielewa kesho yake darasani. Wengi waliitikia “because”, ila msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. “Mwalimu, huku mto hujaa jua likiwaka.” Akaja mbele, akaandika ubaoni: “Although it did not rain here, the river flooded.”

Sikuwa na la kujibu. Mto Tana huanzia Aberdare na Mlima Kenya, ukateremka takriban kilomita 1,000 hadi kumwagika baharini karibu na Kipini. Mvua hunyeshea wengine, mafuriko yakawafikia hawa. Kwetu kijito hujaa jioni ile ile mvua inaponyesha. Mimi nilikuwa nimebeba kiunganishi cha kijito nikakileta kwenye mto.

Usiku ule nilizifuta jozi zangu zote. Asubuhi niliwaomba watunge zao, na darasa likachagua hii: “The cattle came. The rice was harvested.” Nikawaambia waziunganishe.

Nilikusanya madaftari, nikaanza kusahihisha. Mtoto wa mkulima aliandika: “The cattle came before the rice was harvested.” Mtoto wa mfugaji, aliyeketi naye dawati moja, aliandika: “The cattle came after the rice was harvested.”

Kiangazi kikikaza, ng’ombe hushushwa deltani kufuata majani na maji, kando ya mashamba yale yale. Mwaka 2012 watu wengi waliuawa humu Tana Delta, wafugaji na wakulima, katika mapigano kati yao.

Kisarufi, watoto wote wawili walikuwa wamepata. Niliweka alama ya vema kwenye kila daftari, kisha nikayarudisha mezani, moja juu ya jingine.