Chujio na Vumbi la Namanga

Mjomba wangu ni mganga wa mifugo, na makao yake ni Namanga, chini ya mlima Ol Doinyo Orok, hatua chache tu kutoka mpaka wa Kenya na Tanzania. Kazi yake ni kuchanja mbuzi na ng'ombe katika maboma yaliyotawanyika kuelekea Maili Tisa na Meto, na kazi hiyo yote huitegemea pikipiki moja: Honda XL ya zamani, yenye matairi ya meno makubwa na madigadi ya mbele iliyoinuliwa juu. Barabara ya lami itokayo Nairobi kupitia Kitengela, Kajiado na Ilbisil haimfai sana. Wateja wake huanzia pale lami inapoishia.

Msomaji asiyelijua vumbi la huko asidhani ni lile la viwanja vya shule. Wakati wa kiangazi huingia katika sanduku lililofungwa, huingia katika unga, na mtu hulisikia menoni hata baada ya kusukutua. Inasemekana kuwa jina lenyewe Amboseli, mbuga iliyo mashariki ya Namanga, latokana na neno la Kimaa lenye maana ya vumbi la magadi. Waliotoa jina hilo walijua walichokisema.

Likizo moja ya Agosti, mjomba aliniachia pikipiki hiyo kwa majuma mawili nimsaidie kusambaza dawa. Mimi ni mwanafunzi wa fasihi, lakini muhula ule nilikuwa nimesoma kozi moja ya istilahi nayo ilikuwa imenipanda kichwani. Aliponiambia, "Usisahau kusafisha eya-klina," nilimsahihisha papo hapo: "Mjomba, hilo ni chujio la hewa." Alinitazama kidogo, akasema, "Haya. Safisha chujio lako."

Nikalisafisha. Nilifungua kifuniko cha ubavuni, nikatoa sponji iliyovishwa juu ya fremu ya bati lenye matundu, nikaikuta nyeusi, inanata, imejaa mafuta. Niliifua kwa maji ya moto na sabuni mara nne, kama afuavyo mtu kola ya shati, hata ikarudi rangi yake. Nikaianika, ikakauka kau, nikairudisha mahali pake. Nilijisifu kimoyomoyo. Chujio la chai likiwa safi ndipo linapochuja vizuri. Kwa nini la hewa liwe kinyume?

Siku ya kumi pikipiki ilianza kutoa moshi wa samawati. Ilishindwa na vilima ilivyokuwa ikivipanda bila taabu, na oili ikawa inapungua bila kuvuja popote. Fundi mmoja wa jua kali pale mjini hakuharakisha kufungua injini. Alilitoa chujio, akaingiza kidole katika mpira upelekao hewa kwenye kabureta, akakitoa kikiwa chekundu kwa vumbi. Akanionyesha kile kidole bila kusema neno.

Baadaye alinieleza, nami naeleza kama nilivyoelewa. Matundu ya sponji ni makubwa kuliko chembe za vumbi. Peke yake sponji huzuia majani na wadudu tu. Kinachokamata vumbi ni mafuta. Hewa hupita ikijipinda ndani ya vijia vya sponji, chembe zikagonga kuta zenye mafuta na kunata hapo. Yale mafuta meusi niliyoyafua kwa bidii hayakuwa uchafu uliolivamia chujio. Yalikuwa ndiyo chujio. Vumbi lililopita lina mchanga laini ndani yake, nao ukichanganyika na oili huwa kama msasa baina ya pistoni na silinda.

Silinda ilipanuliwa kwa robo milimita, ikatiwa pistoni kubwa kidogo na ringi mpya. Vipuri vilitoka Nairobi na kazi ikachukua majuma matatu. Fedha nililipa mimi, kidogo kidogo. Lakini chanjo ya homa ya mapafu ya mbuzi yataka kukaa katika baridi, na mtu aendaye kwa miguu hawezi kuishinda barafu inayoyeyuka. Boma moja la upande wa Meto lilifikiwa likiwa limepoteza mbuzi kumi na mmoja. Huenda wangekufa hata pikipiki ingalikuwa nzima. Mjomba mwenyewe aliniambia hivyo. Sikumwamini sana.

Tangu siku ile nimekuwa nikikitafakari kitenzi kuchuja, pamoja na nduguye kuchunga. (Huko Kajiado kuchunga ni kazi ya mifugo kwanza, unga baadaye.) Silaumu neno. Najilaumu mimi, niliyedhani kuwa kwa kuwa nalijua jina basi nakijua kitu. Mjomba, kwa neno lake la kuazima, alijua kuwa sponji ile lazima inate. Darasani tulijadili ufupi wa istilahi, uwazi wake na ulinganifu wake na lugha za Kibantu. Sikumbuki tukimwuliza fundi hata mmoja.

Siku hizi naifanya kazi hiyo hivi. Naziba mdomo wa mpira kwa kitambaa, kisha naifua sponji kwa mafuta ya taa na baadaye maji ya sabuni, kamwe si kwa petroli, ambayo hula gundi na yaweza kuwaka. Naibana bila kuisokota. Ikikauka kivulini naitia mafuta, naibinya hadi yaenee kote na yaliyozidi yatoke, kisha napaka grisi ukingoni ili hewa isipite pembeni. Sponji ikianza kumeguka au kuachana kwenye maungio, haina matibabu, ni kuibadilisha. Chujio la karatasi ni jambo jingine: halifuliwi wala halitiwi mafuta.

Mara ya mwisho nilipopita kwa yule fundi aliniuliza, "Mwalimu, mmeshakubaliana hii iitwe nini?" Nikamwambia bado, ila mimi napendelea kinasavumbi. Alilitamka mara mbili, akalipima, kisha akampigia kelele kijana wake aliyekuwa nyuma ya kibanda: "Lete eya-klina ya Mwalimu!"