Gasketi Haina Kosa

Maisha yangu ya kazi yamepita kwenye karakana ya mashine mjini Arusha, nikichonga silinda hedi za injini za dizeli. Nilianza kwa kuosha hedi za wakubwa zangu, nikahamia mashine ya kufesi, nikajifunza kukata siti za valvu na kupima gaidi zake, hadi nikakabidhiwa kufunga injini nzima. Kila ngazi ilinipa jicho jipya la kuitazama hedi, lakini swali la wateja lilibaki lile lile: anayetaka kufunga tabo, au kupandisha presha ya tabo aliyonayo, huuliza gasketi gani ni ngumu kuliko zote. Jibu ambalo kazi imenithibitishia mwaka hadi mwaka ni kwamba swali lenyewe limeanzia pasipo pake. Hedi huhimili presha kubwa kwa sababu mbili: imebanwa sawasawa kwenye bloki, na joto lake linaondolewa kabla halijalimbikizana. Gasketi ni shahidi wa mambo hayo mawili. Inapoungua imetoa ushahidi, na fundi anayebadilisha shahidi bila kumtafuta mkosaji atamwona mteja wake tena.

Kwanza tuelewane kuhusu presha. Geji ya tabo ikisoma bar 1, dereva huona ni kitu kidogo, hata nusu ya upepo wa tairi lake haifiki. Lakini geji hiyo inapima hewa iliyo kwenye manifoldi, na mzigo wa hedi hauko huko. Uko ndani ya silinda, pale pistoni inapofika juu. Hewa ya kawaida ikigandamizwa kwa uwiano wa 22 kwa 1, hesabu ya kitabuni hutoa karibu bar 55 kabla tone la dizeli halijawaka. Iongezee bar 1 ya tabo, nayo inaanza safari ikiwa maradufu, kwa hiyo inafika juu ikiwa karibu bar 110. Injini halisi hupoteza sehemu ya presha hiyo kwa joto na uvujaji, lakini maradufu hubaki maradufu, na mwako bado haujaongeza sehemu yake. Sasa chukua silinda yenye kipenyo cha milimita 94. Eneo linalosukumwa ni sentimita za mraba 69 hivi, na kila bar 100 ndani yake ni msukumo wa takriban tani 7 unaotaka kuing'oa hedi. Injini ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, kila silinda hupiga pigo hilo mara 1,200 katika dakika hiyo hiyo. Tena fundi akisogeza taimingi ya pampu ili dizeli iingie mapema zaidi, presha ya kilele hupanda huku geji ya tabo haijasogea hata kidogo. Ndiyo maana mtu akiniambia anatumia bar 0.7 tu, hajaniambia bado kama hedi yake iko salama.

Kielelezo ninachokijua vizuri ni 1HZ ya Toyota, injini ya silinda sita na lita 4.2 iliyo kwenye Land Cruiser nyingi za utalii, za miradi na za serikali katika Afrika Mashariki. Kiwandani haikupewa tabo. Mgandamizo wake unazidi 22 kwa 1, na dizeli huanza kuwakia ndani ya vichumba vidogo vilivyomo kwenye hedi yenyewe, ambavyo mafundi tunaviita prichemba. Toyota ilipotaka injini yenye tabo ya ukubwa ule ule, haikuiongezea 1HZ tabo na kuishia hapo. Mwaka 1990 ilileta 1HD-T, yenye kipenyo cha silinda milimita 94 na mwendo wa pistoni milimita 100, vipimo vile vile vya 1HZ. Lakini humo dizeli inapulizwa moja kwa moja juu ya pistoni, prichemba zimeondolewa, na mgandamizo umeshushwa hadi 18.6 kwa 1. Rudia hesabu ya kitabuni: bar 1 ya tabo sasa inakupa karibu bar 90 mahali pa zile 110. Yaani mtengenezaji alipunguza presha na kuondoa sehemu ya hedi inayopokea moto mkali kuliko zote. Hedi za 1HZ zilizofungiwa tabo mtaani zikija mezani, nyufa zao zinafanana: kati ya siti mbili za valvu, na kuzunguka mdomo wa prichemba. Hakuna gasketi duniani inayoweza kuziba ufa wa namna hiyo, kwa sababu ufa haukuanzia kwenye gasketi.

Tuje kwenye mbano. Boliti ya hedi hufanya kazi kwa kuvutika: unapoikaza inarefuka kidogo sana, na nguvu ya kutaka kurudi urefu wake ndiyo inayoibana hedi. Boliti ya milimita 12 yenye namba 10.9 kichwani, ikikazwa kwa kiwango salama, hutoa mbano wa tani 5 hivi. Ukizipanga boliti kuzunguka silinda na kuzilinganisha na zile tani 7 za kila bar 100, unaona nafasi iliyobaki ni ndogo, maana sehemu ya mbano inaliwa na kuikandamiza gasketi yenyewe na kuziba njia za maji na oili. Na mbano huo haupatikani kwa kusikia tu mlio wa spana ya toki. Takriban sehemu tisa kati ya kumi za nguvu ya mkono huishia kwenye msuguano wa nyuzi na wa shingo ya boliti. Ni sehemu ya kumi tu inayoivuta boliti. Kwa hiyo boliti mbili zilizokazwa kwa kipimo kimoja, moja kavu yenye kutu na nyingine safi iliyopakwa oili, zinabana kwa nguvu tofauti kabisa. Ndiyo sababu tundu la boliti husafishwa kwa tepu, hupulizwa kwa hewa, kisha hutazamwa kwa tochi hadi chini. Oili ikibaki kwenye tundu lisilotokeza upande wa pili, boliti hugota juu yake. Spana italia, hedi haijabanwa, na bloki yenyewe inaweza kupasuka.

Hapa ndipo stadi za chuma bora zinapopata heshima yake. Stadi hukaa tuli kwenye bloki, nati ndiyo inayozunguka juu, kwa hiyo chuma kinavutwa bila kusokotwa na nyuzi za bloki hazichakazwi kila injini inapofunguliwa. Ushahidi mkubwa kuhusu mbano uko Marekani, kwenye injini za dizeli za V8 za malori madogo ya Ford. Ile ya lita 7.3 ilikuwa na boliti sita kuzunguka kila silinda. Ya lita 6.0 iliyofuata, ya miaka ya 2003 hadi 2007, ilibaki na nne, na ikajulikana kwa kunyanyua hedi, hasa kwa waliopandisha presha. Mafundi wa huko wakafanya kuweka stadi kuwa dawa yao ya kawaida. Ilipokuja injini mpya ya lita 6.7 kwa magari ya mwaka 2011, boliti sita kwa kila silinda zilirudi. Tena hedi zake ni za alumini, madini ambayo mafundi wengi huyaona dhaifu, lakini zimepewa njia za maji za tabaka mbili. Sihitaji ushahidi ulio wazi kuliko huo: chuma chepesi kilichobanwa vizuri na kupozwa vizuri kimepewa kazi kubwa kuliko ya chuma kizito kilichobanwa kwa uchache.

Mbano mzuri juu ya uso mbaya nao ni kazi bure. Rula iliyonyooka inalazwa juu ya hedi kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, kisha fila inajaribiwa chini yake. Vitabu vya injini nyingi huweka kikomo cha mpindo kati ya milimita 0.05 na 0.2. Gasketi za tabaka za chuma, ambazo wengi huzinunua kwa kuwa zinasifiwa kwa presha kubwa, zinadai uso laini kuliko gasketi za zamani. Ukizifunga juu ya uso wenye mikwaruzo ya kisu cha mashine, umeharibu fedha zako. Na katika dizeli huwezi kufesi upendavyo, kwa sababu nafasi kati ya pistoni na hedi ni ndogo mno. Katika injini nyingi za dizeli za Toyota, gasketi huja kwa unene tofauti uliotiwa alama ukingoni, na fundi huchagua baada ya kupima pistoni imechomoza kiasi gani juu ya bloki. Wapo wanaokwenda mbali zaidi: huchonga mfereji kuzunguka kila silinda na kulaza humo waya wa chuma cha pua unaochomoza kidogo, ili mbano ukusanyike pale moto ulipo. Njia hiyo inafanya kazi, na naikubali, lakini haitengenezi mbano mpya. Inahamisha ule uliopo kutoka kwenye njia za maji hadi kwenye ukingo wa silinda. Ukiifanya kwenye hedi yenye boliti zilizochoka, utazuia moto na kuanza kuvuja maji.

Joto ndiyo nusu ya pili ya hoja, na ndiyo inayosahaulika. Hewa ya nyuzi 30 ikibanwa na tabo hadi maradufu hutoka ikiwa imepita nyuzi 100, kwa hiyo gari lisilo na intakula ya kuipoza hewa hiyo huanza kila mwako likiwa na deni. Upande wa ekzosi, wajuzi wengi hukubaliana kwamba moshi kabla ya tabo usikae muda mrefu juu ya nyuzi 700 hivi. Gari lililopakia likipanda mlima wa Kitonga kwa gia kubwa, dereva akiwa amekanyaga hadi mwisho na injini ikizunguka polepole, hukaa kwenye hali hiyo dakika baada ya dakika. Daraja jembamba la chuma kati ya valvu mbili ndilo linalolipa, hasa maji ya kisima yenye chumvi yakiwa yameacha ukoko nyuma yake. Tabia ya kutoa thamostati ili injini ipoe huongeza ubaya: katika injini ambazo thamostati pia hufunga njia ya mkato, kuitoa kunaruhusu sehemu ya maji kuzunguka bila kupitia rejeta.

Najua pingamizi tatu. Ya kwanza husema basi tabo yenyewe ndiyo adui, tuiache. Sikubali. Hewa zaidi kwa dizeli ile ile hupunguza joto la ekzosi. Kinachochoma hedi ni dizeli iliyoongezwa kupita hewa. Na kwa anayeendesha Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi ambako hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko Mombasa, tabo yenye presha ya kiasi inarudisha kilichopotea. Pingamizi ya pili hutaja mashindano ya trekta za kuvuta mizigo Marekani na Ulaya, ambako tabo husukuma presha mara kadhaa ya hizi zetu, na baadhi ya hedi ni pande la alumini lisilo na njia za maji. Ni kweli, lakini trekta hizo hufanya kazi kwa sekunde chache kisha hufunguliwa na kukaguliwa. Zinathibitisha uwezo wa mbano. Kuhusu kusafiri kutwa nzima na joto lake hazituambii kitu. Pingamizi ya tatu ni ya gharama: stadi, intakula na kazi ya mashine ni fedha nyingi kuliko gasketi. Ndiyo, kwa siku ya kwanza. Gasketi ya pili, hedi iliyopasuka na gari lililolala katikati ya msimu wa utalii havimo kwenye hesabu ya anayesema hivyo.

Kwa hiyo vijana ninaowaachia mashine hizi nawaachia na mpangilio huu. Fungeni kwanza geji ya joto la ekzosi, mjue mnachopambana nacho. Safisheni njia za maji, rudisheni thamostati, wekeni kipozeo cha kiwandani na intakula. Kisha pimeni hedi na bloki, zote mbili, si hedi peke yake. Wekeni stadi au boliti mpya, kwa oili na mpangilio ulioandikwa na mtengenezaji wake. Gasketi chagueni kwa unene unaodaiwa na pistoni, si kwa sifa za muuza duka. Presha ya tabo iongezwe mwisho, kidogo kidogo, na isimame pale geji ya joto inaposema basi. Mteja asiyekubali mpangilio huo mrudishieni hedi yake.